Chumvi Golini

Haya, mkasa wangu nitausema mwenyewe, maana nikiwaachia wifi zangu ndio wausimulie mtaambiwa nilibaki uchi uwanjani, na uchi sikubaki, kanga moja ilikuwepo. Watu hapa Mchukwi huniuliza kwa nini mama mtu mzima kama mimi sikosi mechi ya Kimbunga, iwe mvua iwe jua, na mpira wenyewe siujui kiasi hicho (mpaka leo kile cha kuotea sikielewi, naona tu mwamuzi amekasirika na mtu ameshika kichwa). Wengine timu wameirithi kwa baba zao, wengine walikuwa wanasikiliza redio ikawaingia, wengine kuna mchezaji walimtamani, hilo nalo lipo msinitazame hivyo. Mie mwenzenu niliingia Kimbunga kwa mlango wa aibu, tena aibu ya mchana kweupe, kijiji nilichozaliwa na kijiji nilichoolewa vyote viwili vimejipanga vinanitazama.

Mimi ni mtu wa Mbwara. Mchukwi niliolewa, miaka ile ya ruksa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yameanza kujaa sabuni za kila rangi, mitumba inashushwa Kibiti kwa marobota, na kila mwanamke mwenye akili zake anatafuta kitu cha kuuza. Mume wangu Shabani alikuwa golikipa wa Kimbunga, mrefu, mikono kama miti ya kuangulia mapapai, na jezi zao walizitoa kwenye robota la mitumba, za bluu, kila moja ina picha ya farasi kifuani, na farasi mwenyewe Rufiji yote hakuna aliyewahi kumwona. Nilikuwa bado bi harusi, miezi michache tu tangu niingie nyumba ile, na nilikuwa nakwenda kwa adabu zote, sauti chini, macho chini, hasa kwa baba mkwe.

Baba mkwe wangu, Mzee Ngwele, ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya ufundi ya Kimbunga. Kwa asiyejua, kamati ya ufundi haimfundishi mtu mpira. Ni wazee wanaohakikisha watu wa upande wa pili hawajafukia kitu uwanjani, na ikiwezekana wao wamewahi kufukia kwanza. Mzee huyu sikuwahi kumtazama usoni, ndivyo tulivyolelewa, mke wa mwana hakai karibu na mkwe wake wa kiume wala hapeani naye mkono, nikimpelekea maji ya kunawa naweka chini, napiga goti, naondoka kinyumenyume. Ningekutana naye Kibiti sokoni nadhani ningemjua kwa miguu.

Sasa ikaja fainali ya kombe la mbuzi. Mfanyabiashara mmoja wa korosho alitoa beberu, mkubwa, ana ndevu kuliko imamu, na waliofika fainali ni nani? Kimbunga ya Mchukwi na Nyuki ya Mbwara. Golikipa wa Nyuki ni Seif, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni akiwa hajui hata kukaa. Kwa hiyo goli hili mume, goli lile ndugu. Niliona la busara ni kukaa mbali na uwanja siku hiyo, nikaamua nitakaanga mihogo niiuze njiani, watu watakuwa wengi, mimi na mpira wapi na wapi.

Mihogo tayari nimeimenya, mafuta tayari yako jikoni, nashika kopo la chumvi, tupu. Mama mkwe akasema barabarani kuna mwanamke kutoka Maparoni ameshusha chumvi ya mawe, niwahi, yeye atanitazamia mafuta. Nikaenda, na kwa vile nilishajiona mfanyabiashara sikununua ya kuungia mihogo tu, nikanunua beseni zima, nikasema nyingine nitatwanga niuze kwa mafungu. Nikajitwisha. Kurudi nyumbani njia ya halali inazunguka kwenye mikorosho, ndefu, na kuna kinjia kinachokata uwanja, kinatokea karibu na goli la upande wa hospitali ya misheni. Nikayafikiria mafuta yangu. Nikakata uwanja.

Uwanja ule ulikuwa unalindwa tangu jana yake, vijana na wazee wanapokezana, hata kuku hapiti. Lakini mimi nafika pale hakuna mtu, nikadhani ulinzi umekwisha. Kumbe imeadhiniwa alasiri na walinzi wote wameingia msikitini, na msikiti unatazamana na uwanja. (Mimi sikuwa naswali siku zile, akina mama mtanielewa, na hilo nililificha kwa miaka, maana lingejulikana jioni ile wangenitafutia kosa la pili.) Nafika mbele ya goli, kamba ya kandambili ikachomoka, mguu ukaenda kwake na mimi kwangu, beseni likashuka kutoka kichwani. Chumvi yote chini, imetandaa karibu na mlingoti wa kulia, nyeupe juu ya mchanga.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilipiga magoti. Nikaanza kuichota kwa viganja na kuirudisha kwenye beseni, mchanga unakuja nayo, naupeta, nafagia na ncha ya kanga, na kwa vile hela niliyonunulia ilikuwa yangu ya mwisho midomo inatembea yenyewe, ya Rabbi, ya Rabbi. Wanaume wanatoka msikitini, wanavaa viatu, wanainua macho. Wanachokiona ni binti wa Mbwara, siku ya kucheza na Mbwara, saa ya swala wakati walinzi hawapo, amepiga magoti kwenye goli la Mchukwi, anamwaga kitu cheupe, na midomo inasoma.

Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza. Nakumbuka nilizungukwa, na wote wamesimama mbali kidogo na chumvi kama vile inauma. Nikasema ni chumvi, nimeanguka nayo, tazameni kandambili. Nikawaambia wanaotaka waonje. Nani aonje? Basi nikaokota punje nikatia mdomoni mwenyewe, nikaitafuna mbele yao, nikiamini nimemaliza kesi, na mzee mmoja akawaambia wenzake kwa utulivu kabisa kwamba mwenye dawa yake haimdhuru. Kijana mmoja akataka kuleta ufagio, ndipo baba mkwe akanyoosha fimbo.

"Kisiguswe," akasema. "Atakayekigusa kimemhamia. Na aliyemwaga akae hapo nyuma ya goli mpaka mpira uishe, kama kuna cha kufungua atakifungua mwenyewe."

Basi nikakaa nyuma ya goli, kwenye majani, nyavu mbele yangu (nyavu zenyewe za kuvulia samaki, zilitoka huko delta zimechakaa, jua likizipiga zinanuka), na wazee wa kamati wamekaa hatua chache kutoka kwangu na fimbo zao kama walinzi wa mahabusu. Mama mkwe akaja kuniambia mafuta yameungua na sufuria limekuwa jeusi. Hakugomba. Alinitazama tu, kwamba ndiye aliyenituma chumvi hakuwaambia wazee, na katika kuondoka nikamsikia anamwambia jirani yake kwamba yeye alimtaka binti wa Kibiti tangu mwanzo.

Lori la Mbwara likafika na watu wangu juu yake wanaimba, na mimi hata mkono sikuinua. Timu zikaingia, Mchukwi kwa kuruka uzio wa mabua badala ya kupita mlangoni, Mbwara nao wakauruka upande wao. Sarafu ikarushwa, na goli la hospitali, lenye chumvi, likawaangukia Kimbunga. Shabani akaja taratibu. Nikamwita kwenye nyavu nikamwambia mume wangu, wallahi ni chumvi ya mihogo, mama ndiye aliyenituma.

"Nakuamini, Zuhura," akasema. Halafu akaenda kusimama kwenye mlingoti wa kushoto.

Hapo ndipo nilipoelewa mpira wote ninaoujua. Goli lina upana wake, na mume wangu alikuwa analinda nusu. Mpira ukija kushoto anaruka, anadaka, watu wanapiga makofi. Ukienda kulia anaufuata mpaka kwenye ukingo wa ule weupe, anasimama, anausindikiza kwa macho. Nyuki hawakuwa wajinga, hawakujua sababu lakini waliona njia, na wakapita hapo mara mbili. Baada ya bao la pili Shabani aligeuka kuufuata mpira nyavuni, alizunguka kwa nje ili asipite juu ya chumvi, akakwepa macho yangu. Nilikuwa namwonea huruma na nimemkasirikia kwa pamoja, mtu amesema anakuamini na miguu yake inasema vingine.

Mapumziko, mbili bila. Wazee wakasogea, sasa hawanong'oni. Neno likapita kwamba mwanamke huyu hawezi kulala Mchukwi leo, lori la kwao lipo, arudi nalo, mambo ya talaka yatafuata wakishakaa. Wengine wakasema asubiriwe Shabani aseme, wengine wakasema Shabani atasema nini, ndiye aliyemleta. Baba mkwe alikuwa anachora mchanga na fimbo. Mama mkwe alikuwa ameshatuma nyumbani likachukuliwe sanduku langu, nililiona linakuja kichwani kwa mtu, sanduku la bati lenye maua niliyoingia nalo nyumba ile kwa vigelegele, sasa linawekwa kando ya uwanja karibu na yule beberu. Nilikuwa nampenda Shabani, na kurudishwa kwenu kwa kosa la uchawi hakuna anayekuoa tena, kuanzia Mbwara mpaka Utete.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Hilo nadhani ni mimi peke yangu sikulifikiria, wengine wote walijua. Namwona Seif anakuja kwenye goli la hospitali, kifua mbele, timu yake inaongoza. Akafika, akaona weupe, akasimama. Huko walikokuwa walishasikia kwamba Mchukwi wamemwaga kitu golini, sasa anakiona. Akainua macho, akaniona na mimi nimekaa nyuma ya nyavu kati ya wazee wa Mchukwi.

"Dada," akasema polepole, "mmeweka nini hapa?"

Nikamwambia, ni chumvi, Seif, chumvi ya kula, imenimwagikia, simama popote unapotaka, ikanyage. Wazee wote wamesikia. Nilijua namwambia ukweli utakaonirudisha Mbwara na sanduku langu, maana akisimama pale katikati, na anavyojua kudaka, Kimbunga hawafungi kitu. Lakini ni mdogo wangu, na ndiyo kweli yenyewe, ningesema nini kingine?

Seif akanitazama. Akatabasamu kidogo, si kwa ubaya.

"Wewe sasa ni mke wa watu, dada," akasema. "Lazima useme hivyo."

Na akaenda kusimama kwenye mlingoti wa mbali.

Jamani, sijui kama nitaweza kueleza. Mume wangu hakuniamini kwa kuwa mimi ni wa Mbwara. Ndugu yangu hakuniamini kwa kuwa mimi ni wa Mchukwi. Jioni moja, goli moja, chumvi ileile. Ndugu yangu alikuwa mtu wa kwanza kuniita mtu wa Mchukwi, Mchukwi wenyewe bado walikuwa hawajafikiria jambo hilo, wao walikuwa na sanduku. Niliumia mpaka nikakauka.

Bao la kwanza la Kimbunga lilipita hapohapo kwenye chumvi, na Seif amesimama analitazama kama mume wa dada yake alivyofanya. Nikabaki nimekaa. La pili likaja vilevile, nikagundua nimesimama. Nyuma yangu kamati imeanza kusogea karibu, kuna mzee aliniuliza kama nina kiu, nikaletewa maji kwenye kikombe cha udongo. Watu waliokuwa wananitaka kwenye lori sasa wananipisha nione vizuri. Nikanywa maji yao, na kitu fulani ndani yangu kikasema kama ni hivyo basi na iwe hivyo, Mbwara wameshanitoa, hawa ndio waliopo. Nikaanza kushangilia. Kwanza kwa midomo tu, halafu kwa sauti, halafu, bi harusi ambaye hajawahi kusikika akikohoa, nikawa napiga kelele kwamba wapitishe kulia, kulia, kulia huku, mdogo wangu mwenyewe yuko mbele yangu anasikia kila neno.

La tatu likapita kulia. Hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, yote niliyosema ilikuwa njia tu ya kuifikia. Niliruka, kanga ya juu ikabaki kwenye mti wa uzio, kandambili moja sijui, nikapiga kigelegele na nikamkumbatia mtu aliyekuwa karibu nami. Nilimkumbatia kwa nguvu zote, nikamtikisa. Kelele zilizokuwa pembeni zikanyamaza moja moja, nikahisi kimya kinakuja, nikafungua macho, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikauona uso wa baba mkwe wangu, uko hapa, ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikulijua.

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Nilitaka kumwachia mikono ikawa haisikii. Mzee naye alikuwa amesimama wima kama nguzo, fimbo imeanguka, nadhani na yeye hakujua sheria inasemaje kwa jambo ambalo halijawahi kutokea.

Hatimaye akasema, "Niachie, mwanangu. Mpira haujaisha."

Nikamwachia, nikakaa chini, nikajifunika na kanga niliyoletewa na mtu, na mpira ukaisha tatu kwa mbili. Beberu akachinjwa. Sanduku langu lilirudi nyumbani likiwa limebebwa na yuleyule aliyelileta, na hakuna aliyelitaja, utadhani lilikuwa limetoka kutembea. Seif alipanda lori bila kuniaga. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, nikamwona Shabani yuko pembeni yangu ananingoja na viatu vyake vya mpira mkononi, amechelewa kuona aibu lakini ameona. Njiani aliniomba radhi. Nikamwambia nimesikia, na nilichukua siku kadhaa kabla ya kumwambia yamekwisha.

Msidhani ilikuwa mwisho. Wiki iliyofuata ikaja kamati nyumbani, wamevaa kofia, wamekaa kwenye mkeka, wanataka kujua nilitumia nini na kama kinaweza kupatikana kwa mechi na timu ya Bungu. Nikawaeleza upya, kandambili, beseni, mihogo. Wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akasema kweli, mambo kama haya hayasemwi ovyo. Kuanzia hapo mechi ya Kimbunga haianzi mpaka nimekaa nyuma ya goli. Mara moja niliugua homa nikabaki ndani, wakafungwa nne, na mpaka leo wapo wanaoniwekea hizo nne mimi. Ndiyo maana siwezi kukosa, mwenye kuniuliza ajue. Baba mkwe alirudi kutonitazama na mimi nikarudi kuondoka kinyumenyume, ila maji ya kunawa akawa anayapokea mkononi.

Seif alikuja tulipomtoa mtoto wa kwanza nje. Alimpakata mpwa wake, akala, akacheka na Shabani habari za magolikipa. Nikaona sasa ndio wakati, tumebaki wawili barazani, nikamweleza tena kwa utaratibu tangu mwanzo, kwamba ile ilikuwa chumvi tu na nilimwambia kweli. Alinisikiliza yote.

"Dada, acha," akasema. "Hata mimi ningefanya hivyohivyo. Ni kwenu."

Nilikwenda jikoni kama mtu anayetafuta sahani, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi na chai. Siku ya mechi sikati tena uwanja hata kama nyumba inawaka moto, na nimeapa kutomweleza tena golikipa yeyote ukweli, wa kwangu au wa watu. Jumamosi baada ya Seif kuondoka Kimbunga walikuwa wanacheza, nikambeba mtoto, nikaenda kuwashangilia wa kwetu.